Mfarishi wa Nguo za Mwanaesha

Mwanamke akifiwa na mumewe ana eda yake. Miezi minne na siku kumi hukaa ndani, hapaki hina, hafukizi udi, wala hapana wa kumuuliza mbona hatoki. Mwanamume hana eda. Siku tatu za matanga zikisha, majamvi yakikunjwa, hutakiwa avae kanzu yake ashuke barazani, akazungumze bei ya unga na hao wakubwa wanaoipandisha. Mimi sikushuka. Nilitia komeo mlango wa nje, nikapanda ngazi mpaka darini, nikakaa na masufuria ya mke wangu.

Yalikuwa saba. Kila moja lilikuwa na rangi yake ndani, imeshika hata ukisugua kwa mchanga haitoki. Lilikuwepo la manjano, la maganda ya vitunguu, la maganda ya komamanga, la magome ya mkoko, la hina, na moja ambalo aliroweka misumari ya kutu katika siki mpaka maji yakawa meusi. La saba sikujua lilikuwa la nini. Nililitazama siku nzima. Ndani yake mlikuwa na rangi nisiyoijua jina, kama ya moshi unapotoka kwenye chetezo kabla haujaamua uende upande gani, na mpaka leo sijapata wa kunambia aliipata kwa kuchemsha nini.

Mwanaesha alikuwa akitia vitambaa rangi hapo hapo darini, kisha akivishona. Kuvishona alifundishwa na Mwende, mama Jeremy, mwanamke wa Kikamba aliyekuwa akikaa Buxton zama hizo, mumewe akifanya kazi reli. Walikutana duka moja la nguo la Biashara Street, kila mmoja ameshika ncha ya kipande kimoja ndani ya boksi la mabaki, na hapana aliyetaka kuachia. Tangu siku hiyo wakawa kama waliozaliwa tumbo moja. Mama Jeremy alikuwa amejifunza kwa wenzake wa kanisani kuunga vipande bila kupima: hiki pembe tatu, hiki kama jani, hiki hakina sura, vyote vikashikizwa juu ya kitambaa kimoja kizima cha chini. Kisha juu ya kila mshono hupitishwa maua ya uzi, shanga, vifungo vya zamani, chochote kinachong'aa. Tandiko hilo Mwanaesha akiliita mfarishi wa wazimu, kwa kuwa hauna mstari hata mmoja ulionyooka. Akisema ndio nguo pekee iliyowahi kumuelewa.

Mimi ni mshona kofia. Darasa la nne ndipo nilipoishia, lakini sindano nimeijua kabla ya kalamu. Kofia moja ya mkono, yenye matobo madogo madogo yaliyozungushiwa uzi, ilikuwa ikinichukua miezi miwili. Kisha zikaja za mashine, makontena kwa makontena, wenye kalamu wakazitilia sahihi zikapita, nami nikabaki na sindano mkononi kama mtu aliyeshika ufunguo wa nyumba iliyokwisha bomolewa.

Na wenye kalamu ndio walioniulia mke. Sisemi kwa hasira, nasema ilivyokuwa. Hospitali siitaji. Mashine ya kumpiga picha ya kifua ilikuwepo, niliiona kwa macho yangu, imefunikwa shuka kama bibi harusi. Mwenye kuiwasha alikuwa mkutanoni. Tukaambiwa mkutano wenyewe ni wa kuzungumza namna ya kuwahudumia wagonjwa. Tulingoja siku mbili juu ya benchi. Siku ya tatu Mwanaesha akanambia yuaona rangi ukutani, nzuri, zapita polepole. Ukuta ulikuwa mweupe.

Siku ya kukunja majamvi, dada yake mkubwa, Mejumaa, alinikalisha kitako. Ni mwanamke aliyekwisha kuhiji, hapandishi sauti. Alinambia siku ya arobaini atakuja kuzichukua nguo za nduguye azitoe sadaka. Zingekwenda Kibarani kwa Wanza, muuza samaki ambaye Mwanaesha alikuwa akimpenda na kumsaidia, naye angewagawia majirani zake.

"Kila uzi utakaomsitiri mtu ni thawabu ya Mwanaesha," alinambia. "Ukizizuia nguo, wamzuilia yeye."

Nikatikisa kichwa kukubali. Nilikuwa na siku thelathini na saba.

Siku ya tano nilifungua kasha la nguo za Mwanaesha. Harufu yake ikatoka kabla ya nguo: asumini kavu, mafuta ya nazi, na ile harufu ya shingo yake ambayo haina duka linaloiuza. Nikatoa dera la kijani, dera la samawati, leso sita, buibui la zamani lenye nakshi za uzi mikononi. Nikayatandaza darini, nikalala katikati yake mpaka jua likapinda. Ndipo likanijia lililonijia. Nguo nzima huchukulika. Hukunjwa, hutiwa mfukoni, ikenda zake. Lakini kipande kama kiganja, kisicho na shingo wala mkono, nani atakitoa sadaka? Kipande hakina pa kwenda. Kipande hukaa nyumbani.

Nikachukua mkasi. Ulikuwa ukienda wenyewe, kama mbuzi ajuaye njia ya zizini.

Kulihitajika kitambaa cha chini cha kubeba vipande. Nilipekua kasha mpaka chini kabisa, nikakuta bafta nyeupe, refu, mpya, haijakatwa, imefungwa ndani ya leso kuukuu. Ilikuwa ikinuka kafuri. Nikadhani kafuri ni ya nondo. Mwanaesha alikuwa adui wa nondo. Alikuwa akitia karafuu hata ndani ya viatu vyangu. Nikaikunjua na ikawa ndefu kuliko nilivyotaraji, yaenda tu, yaenda, kama barabara kwenye ndoto.

Lakini weupe sikuutaka. Weupe niliutazama siku mbili na nusu kwenye benchi, ulinitosha. Nikasema nitaitia manjano.

Mfereji ulikuwa mkavu wiki ya tatu. Wanaotufungia maji wana mabwawa ya kuogelea majumbani mwao, hilo kila mtu yuajua. Jirani yangu Muhdhar, ambaye dari lake na langu hutenganishwa na ukuta wa kimo cha kifua, akanipitishia ndoo juu ya ukuta. Alikuwa akijisifu kwamba tangi lake amelikarabati, amelipiga chokaa ndani, juzi tu. Nikamshukuru. Nikachemsha manjano katika sufuria la Mwanaesha kwa maji ya mwisho ya mtungini, nikaizamisha bafta, nikakoroga kwa mwiko wa pilau. Ilitoka imeiva rangi, njano ya kiini cha yai la kienyeji. Nikaitia katika ndoo za Muhdhar niisuuze.

Ikaanza kugeuka. Ilianza pembeni, polepole, kama mtu anayeona haya: uwekundu ukapanda, ukaenea, ukashika kitambaa chote, mpaka mikono yangu miwili ikawa ndani ya maji mekundu mpaka viwikoni. Nikakaa chini. Jua lilikuwa la alasiri, mapaa yote yamenyamaza, na mimi nikamwambia Mwanaesha kwa sauti kwamba nimesikia. Nini nimesikia, sikujua.

Nikampigia simu mama Jeremy. Siku hizi anakaa Tudor. Alikuja kwa tuktuk, akapanda ngazi akihema, akachovya kidole katika ndoo, akakilamba, akatema.

"Mzee Gharib, hii ni chokaa," akasema. "Umechukua maji wapi?"

Nilipomwambia akacheka mpaka akashika ukuta. Akanieleza kwamba chokaa huigeuza manjano ikawa damu, na siki huirudisha. Mwanaesha alikuwa akikinga maji ya mvua kwa kazi hiyo, mapipa mawili, na mimi miaka yote nilidhani ni ya kufulia. Akatia siki kiganjani akairushia bafta. Kila tone lilipoanguka, njano ikafunguka ndani ya wekundu, kama taa zinazowashwa madirishani moja moja. Alitaka kuendelea mpaka irudi yote. Nikamzuia. Ilikuwa na mawingu sasa, na niliwahi kuambiwa habari za rangi zinazopita ukutani.

Aliipapasa akasema ni bafta nzuri mno kufichwa chini, nimeitoa wapi. Nikamwambia kashani. Hakuuliza zaidi. Yeye ni Mkristo wa bara, na kafuri kwake ni harufu tu kama harufu nyingine.

Siku zilizofuata siwezi kuzihesabu sawasawa. Nilishona. Mama Jeremy alinionyesha mshono aliouita mguu wa kuku, unaotembea juu ya maungio na kuacha alama za vidole vitatu vitatu, na baada ya siku mbili mguu wangu wa kuku ukawa bora kuliko wake, akakasirika kidogo. Matobo ya kofia niliyatia kwenye buibui, weusi ukawa na nyota. Shanga za mkufu wake uliokatika nilizishonea kandokando ya dera la kijani zikawa umande. Vifungo vya koti langu la harusi, vya lulu, nilivipanda katikati ya leso.

Kila kipande kilikuwa na siku yake ndani. Nikikigusa, siku ile hufunguka nikaingia. Nilitembea na Mwanaesha kwenye vichochoro asubuhi ambazo zilikwisha pita miaka ishirini, nikamnunulia mikate ya sinia kwa mtu ambaye sasa hayupo, nikarudi nikakuta chai imepoa na sindano iko palepale. Adhuhuri nilipokuwa nikilala kidogo juu ya mfarishi, alikuwa akija kukaa miguuni. Hakuwa akisema mambo makubwa. Alikuwa akinilaumu kazi. Hicho umekigeuza, ndani iko nje. Hapo uzi umekaza, pumua. Niliamka nikatazama, na kweli kipande kilikuwa kimegeuzwa.

Tunda la kukaa huku likawa kwamba nilimsahau Mejumaa. Yaani nilikumbuka jina lake na uso wake, lakini kuja kwake kulikuwa mbali, kama jambo lililosemwa katika nyumba nyingine.

Akaja siku ya arobaini, khitma ikishasomwa, saa nne ya asubuhi. Komeo sikuwa nimelirudisha tangu alipokuja mama Jeremy, nikamsikia akipanda, akipumzika kila baada ya vidato vitatu. Alikuwa amebeba mifuko miwili mikubwa. Akanisalimia, akauliza hali, akaenda moja kwa moja kwenye kasha akaliinua. Ndani mlikuwa na shingo za madera, mikono, mapindo. Akaushika mkono mmoja wa samawati, akautazama kama anayetaka kuusalimu.

"Gharib," akasema. Hakuniita shemeji. "Zi wapi nguo?"

Nikamuonyesha kitanda cha chumba cha darini. Mfarishi ulikuwa umetandikwa, umesalia pindo la upande mmoja. Jua la dirishani lilikuwa limeupanda mpaka nusu, na shanga zilikuwa zikitupa vitone vya nuru kwenye boriti, vikicheza. Akauendea. Akauzunguka mfarishi kwa kidole, kipande kwa kipande, akivitaja kwa sauti ndogo: hili la Idi, hili la karamu ya kumtoa nje mtoto mchanga wa jirani, hii leso mimi nilimnunulia. Akafika kwenye buibui lenye nyota akapitisha kidole juu ya matobo.

"Umeshona wewe?"

"Mimi."

Alikuwa kama anayelainika. Nami nikaanza kutumaini. Nilikuwa nimetayarisha maneno, kwamba vipande havivaliki, kwamba hapana maskini atakayeshukuru kupewa wazimu, heri niuhifadhi mimi. Kabla sijaanza, akauliza iko wapi bafta yake.

"Bafta gani?"

"Nyeupe. Ilikuwa chini kabisa, ndani ya leso ya mama."

Nikaishika ncha ya mfarishi, nikaigeuza. Chini yake ikaonekana, nyekundu na njano, mawingu kwa mawingu.

Akakaa juu ya kasha.

"Hiyo ni sanda yangu," akasema. "Nimetoka nayo Makka, nimeiosha kwa Zamzam, nimeitia kafuri kama itiwavyo maiti. Nalimpa Mwanaesha aniwekee, maana nikilala nayo nyumba moja sipati usingizi."

Nilisikia Muhdhar akikohoa upande wa pili wa ukuta, nikatamani kikohozi kile kiendelee mpaka magharibi. Mejumaa akainama akakinusa kitambaa.

"Umetia manjano."

"Manjano. Na chokaa, kwa bahati mbaya. Na siki kidogo."

"Achari," akasema. "Umenitia achari, Gharib."

Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani yualia. Alikuwa akicheka, na machozi yakamtoka kwa kucheka, kisha yakaendelea kutoka kicheko kilipokwisha. Mimi nikaanza kujitetea. Nikasema lau mfereji ungekuwa na maji nisingechukua ya Muhdhar. Lau hospitali ingekuwa na mtu wa kuwasha mashine, kasha lisingefunguliwa na mkono wangu kabisa. Nikawataja wote, wa maji, wa hospitali, wa bandari, wenye viti na wenye kalamu, mmoja baada ya mmoja, wala sikumsingizia hata mmoja.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kila siku wasema wakubwa hula haki za watu," akasema. "Na kasha hili, mkubwa wake alikuwa nani?"

Bado nawachukia wale, na nitawachukia mpaka nitiwe kaburini. Lakini mkasi niliusogeza kwa mguu chini ya kitanda.

Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akaanza kukata hukumu, polepole, kama anayegawanya samaki. "Juu ni nguo za Mwanaesha. Hizo zilikuwa sadaka tangu ulipotikisa kichwa. Chini ni sanda yangu, nami nimeridhia itoke pamoja nazo, Mungu atanipa nyingine. Chako ni uzi."

"Na mkono," nikasema.

"Na mkono," akakubali. "Mkono rudi nao."

Akanambia nikunje. Nilikunja mara moja, nikakunjua, nikasema kuna shanga imelegea. Akaniacha niikaze. Nikasema kuna nyingine. Akaniacha. Ya tatu alinyoosha mkono akanipokonya sindano, akaichoma kwenye ukosi wa kanzu yangu, na uzi wake ukining'inia.

Alitaka niupeleke mwenyewe, kwa kuwa sadaka hutoka mkononi. Ndiyo mara yangu ya kwanza kutoka nyumbani baada ya siku arobaini, na mji ulikuwa na makelele mengi mno, rangi zake zote zimepauka mbele ya ile niliyokuwa nimeipakata. Tuktuk ilipokuwa ikienda nilikuwa nauhisi uzito wa mfarishi mapajani, na joto lake, na nilijua nikifumba macho nitafika pahala pengine. Sikuyafumba. Mejumaa alikuwa akinitazama.

Kibarani, ng'ambo ya palipokuwa na jaa la taka, Wanza alikuwa ndiyo kwanza arudi kutoka sokoni. Alikuwa ameamka tangu saa tisa ya usiku kuwahi samaki, magamba yangali yameganda kwenye mikono yake. Chumba cha mabati, kitanda kimoja cha mbao, hakina kitu juu yake ila godoro. Mejumaa akaingia akakaa kwenye kigoda. Mimi nikasimama mlangoni, nikaunyoosha mfarishi kwa mikono miwili, nikasema unatoka kwa Mwanaesha.

Wanza akaupokea akaukunjua. Chumba kikajaa. Akautazama sana, kwa uso wa mtu aliyechoka.

"Huu ni wa kulalia ama ni wa kutazamwa?" akauliza.

"Wa kulalia," Mejumaa akajibu mbele yangu.

Nikaona ni lazima Wanza ajue namna ya kuutunza. Nikamwambia asiufue kwa sabuni ya kipande, kwani utamgeukia mwekundu, na ukigeuka aukamulie ndimu. Nikamwambia asiusokote, auminye tu. Auanike kivulini, upande wa chini ukiwa juu. Shanga za kijani zimefungwa fundo moja moja, kwa hivyo ikikatika moja nyingine hazitatoka, asiogope. Alikuwa akiitikia huku akiutandika, eeh baba, nimesikia baba, nikamuona anakaa juu yake, kisha anajinyoosha, ajaribu tu, na nguo zake za kazi na magamba yake. Shavu lake likaangukia kwenye leso ya vifungo vya lulu.

Nilipofika kwenye habari za nondo alikuwa amekwisha lala. Mdomo umemfunguka kidogo. Mejumaa akanionyesha kidole mdomoni, akasimama, akanipita mlangoni kwenda kungoja nje.

Lakini habari za nondo sikuwa nimezimaliza. Basi nikaishusha sauti, nikammalizia polepole: karafuu, zifungwe ndani ya kitambaa, zibadilishwe kila mvua zikianza. Na kafuri asitie kamwe.